Kwa Pacha Wangu, Kabla ya Jumamosi

Ndugu yangu Opiyo,

Salamu zako nitakupa mwishoni, ukizistahili. Nianze na habari. Wanakujengea nyumba.

Nguzo zimesimama tangu jana, kulia kwa lango, mahali pa mtoto wa kwanza, palepale marehemu Baba alipotuonyesha kwa fimbo tukiwa bado tunavaa kaptula za shule. Ni nyumba ndogo. Mabati yake yametolewa kwenye banda la kuku la Baba Mdogo Ogola, na udongo wanaukandika mbiombio bila kungoja ukauke. Unajua nyumba ya namna hiyo hujengewa nani. Huku kwetu Seme mwanamume mzima akifa kabla hajajenga katika boma la baba yake, hazikwi kama mpita njia. Husimamishiwa kibanda, alazwe humo, kisha atolewe kwake kwenda kaburini.

Jumamosi wanakuzika. Mwili hawana, na hilo halijawasumbua hata kidogo. Ndani ya sanduku watatia tunda la mvungunya, lile tunaloliita yago, kama wanavyofanyiwa wale ambao maji yamekataa kuwarudisha. Limeshaletwa. Limelala kwenye gunia nyuma ya jiko la Mama, na watoto wamekatazwa kulikaribia.

Nami najua kwamba uko hai. Nilikuona mwezi uliopita kwa macho yangu mwenyewe, ukanishika mkono, na mkono wako ulikuwa na joto.

Ninakuandikia hadharani kwa sababu ulikataa kunipa namba yako. Barua hii nitaiweka pale mashabiki wa mbio za magari wanapokutana kubishana kwenye mtandao, kwa kuwa nakujua, huwezi kupitisha siku bila kuchungulia pale. Jina lako la huko sitalitaja, na kazi yako nimeigeuza kidogo. Wanaokuwinda hawasomi Kiswahili.

Unakumbuka kile kibanda cha video pale Kisian? Mwenye kibanda alitaka mpira tu, mpira asubuhi, mpira jioni, lakini Jumapili za mbio tulimfagilia na kumwagilia vumbi maji mpaka akatuachia televisheni. Wewe ulisimama mbele ya skrini ukatangaza, maana sauti ilikuwa mbovu na Kiingereza cha watangazaji kilikuwa cha haraka. "Huyo anaingia handakini! Hatumwoni, jamani, hatumwoni! Ametoka!" Wanaume waliokuja kungoja mpira waliacha chai ipoe wakikusikiliza. Mbio nyingine zote ulizitangaza ukiwa umekaa. Monako ulisimama. Ulisema ile ndiyo barabara, nyingine ni viwanja tu.

Halafu tukarudi nyumbani kuichora mchangani kando ya ziwa. Konokono akawa kanisa la kona ya kwanza, gogo likawa kasino, na ule ujia mwembamba wa kuteka maji, wenye katani pande zote mbili, ukawa handaki. Tulikimbiza ringi za baiskeli kwa vijiti, wewe mbele, mimi nyuma, kila siku. Nilipojaribu kukupita nilichomwa na katani mpaka damu ikatoka, nawe badala ya kunihurumia ukanifundisha. "Odongo, hapa Monako hakuna kupita. Ukianza wa kwanza unamaliza wa kwanza. Labda aliye mbele agonge ukuta."

Mama alitusikia akatucheka. Alisema hata tumboni ulianza kutoka wewe, mimi nikakuja nyuma nimekasirika. Ndiyo maana tuna majina haya, Opiyo wa kwanza na Odongo wa pili, na ndiyo maana ya mengine yote. Uliyetangulia kutoka utangulie kupanda na kujenga. Nyumba yangu haiwezi kusimama kwenye boma kabla ya yako. Nikiisimamisha nimekuruka, na anayemruka mkubwa wake huzika watoto. Siamini, lakini nina watoto. Kwa hiyo miaka yote hii mimi, fundi wa umeme wa magari mwenye kibanda changu Kisumu, nimelea familia kwenye chumba cha kupanga Kondele, nikikungoja wewe usimamishe nguzo.

Tulikubaliana jambo moja, la kitoto, lakini tulilikubali. Siku moja tutasimama pale handaki linapoishia, magari yanapotoka gizani na kukutana na bahari ghafla. Mmoja akifika kabla ya mwenzake, amngoje hapo.

Ulipoondoka kwenda kuendesha malori Uarabuni ulipiga simu kila Jumapili baada ya mbio. Kisha ukasema unavuka kwenda Ulaya. Kisha ukasema umeahidiwa kazi ya kurekebisha magari ya mashindano, na Mama akaitangaza kanisani, watu wakapiga makofi. Kisha simu ikanyamaza. Ziwa likafurika likameza ule mchanga wetu, likarudi, likaacha magugu maji, nawe kimya. Baba Mdogo Ogola akaanza kulitaja jina lako kwa sauti ya chini. Mama akaacha kulitaja kabisa, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Nilipokwenda kuomba viza ya kuja kukutafuta Monako, pale tulipoahidiana, nilisema mimi ni shabiki, na sikudanganya. Yule mama wa dirishani hakuniamini. Akaniambia, haya, nitajie kona za barabara hiyo. Nikamtajia kuanzia kanisani mpaka kona ya mwisho, na gia ya kila moja, mpaka akanyoosha mkono akasema inatosha, inatosha.

Acha nikuambie nilivyoiona, kwa sababu wewe sasa umeizoea na huenda umesahau. Treni ilikuwa imejaa watu wa kofia nyekundu wakiimba. Nilishuka, nikatoka kituoni, nikauliza barabara ya mashindano iko wapi, mtu akaniashiria miguuni pangu. Nilikuwa nimesimama juu yake. Ilikuwa barabara tu, Opiyo! Ina milia ya kuvukia watu, ina kituo cha basi, ina duka la dawa. Nilicheka peke yangu. Halafu nikatazama ule mlima, nikajua televisheni ya Kisian ilitudanganya. Ule ni mlima wa kweli, wa kumtoa punda jasho, na pande zote mbili kuna reli za chuma, moja juu ya nyingine, na juu yake wavu. Nilitembea kando yake na kicheko kikaniishia. Nilijiona nimeingia mahali penye mlango wa kuingilia tu.

Siku ya mazoezi nilikaa kwenye ule mwamba wa mashabiki wasio na pesa, kati ya mawe na vichaka. Sauti ilinipiga kifuani kabla sijaona gari. Lilipopita lilikikaribia chuma kiasi kwamba nilifumba macho, na nilipofumbua lilikuwa limekwenda. Kando yangu alikaa mzee Mwitaliano, amekuja pale tangu ujana wake, mwenye mkate mrefu aliokuwa akinikatia vipande bila kuniuliza. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza kama changu. Akaniambia, "Watu wanasema wanakuja kuona gari. Uongo. Wanakuja kuona ukuta."

Nikamcheka. Basi alasiri ile dereva mmoja akakosea kidogo tu, upana wa kiganja, pale chini bandarini. Tulisikia chuma kikilia. Watu wote mwambani walisimama kwa pamoja wakapiga kelele, na sikuweza kutambua kama ni kelele ya hofu au ya furaha. Nami nilikuwa nimesimama, nikipiga hiyohiyo. Dereva alitoka mzima, akapunga mkono. Mzee akakata mkate mwingine. Mimi nikakataa kipande changu.

Wewe unajua kwamba jioni barabara hufunguliwa, na watu huruhusiwa kuitembea. Niliingia handakini pamoja na umati. Kulikuwa na watoto wakikimbia, wasichana wakipiga picha, na bado palinuka mpira ulioungua. Nilipotoka upande wa bahari nilisimama. Nilisimama pale kila jioni nikijifanya natazama mashua za matajiri. Na jioni ya siku ya ile ajali nikaona mafundi wakibadilisha reli iliyopinda, na mmoja wao alikuwa na bega moja limeshuka kama la Baba.

Nikaita, "Opiyo!"

Watu wote waligeuka. Wazungu waligeuka, mlinzi akageuka, hata mbwa wa mtu aligeuka. Wewe peke yako ndiye hukugeuka. Uliendelea kukaza bolti. Ndipo nilipojua kwamba ni wewe, kwa sababu mtu mwingine yeyote angegeuka.

Nilisogea mpaka nikasikia pumzi yako. Ukasema kwa Dholuo, midomo haichezi, "Omera, ndugu yangu, endelea kutembea. Usisimame hapa."

"Nimekuja kukutafuta."

"Umenipata. Nenda ungoje kwenye ngazi nyuma ya stesheni."

Niliketi kwenye ngazi zile nikiwa na furaha, nisikufiche. Nilikuwa nimeshakuona umerudi, umeshika nguzo, Mama amepiga vigelegele. Ukaja umevua ile fulana ya kazi, umekonda, ukanishika mkono na hukuuachia. Uliniuliza habari za ziwa kabla hujaniuliza habari za watu. Nilipokwambia Mama anaumwa magoti uliangalia chini. Halafu ukaniambia lile jambo ambalo tangu siku hiyo nalala nalo, naamka nalo.

Ulisema jina unalotumia huko si lako. Mwenye jina mlikuwa naye kwenye boti moja. Alibaki majini, wewe ukatoka na karatasi na simu yake kifuani. Ni yeye aliyepewa kibali cha kuishi na yeye ndiye anayelipwa mshahara. "Opiyo hakufika," ukasema, na hukuwa unatania.

Nikakuuliza, "Na kwao wanajua?"

Ukatoa simu, ukanionyesha picha ya mama mmoja aliyejitanda shuka, mbele ya mlango wa buluu. Ukasema, "Alituma ujumbe akiuliza kama nimefika. Nilitaka nimjibu mara moja tu, asije akafa kwa presha. Nikajibu. Sasa nashindwa kuacha."

"Unamjibu kama nani?"

"Kama mtoto wake, Odongo. Kama nani mwingine?"

Nilitaka kukupiga. Nilitaka pia kulia. Nilikuambia una mama yako huku nyumbani Kombewa anayekodolea simu macho mpaka anasinzia kitini, na wewe unamfariji mama wa mtu. Ukasema siwezi kuelewa. Ukasema ukisikia sauti ya Mama hata mara moja utashindwa kuitikia lile jina jingine, na ukishindwa utakamatwa, na yule mama wa mlango wa buluu atajua. "Siwezi kuwa na mama wawili," ukasema. "Na huyu ndiye aliyenipa jina ninalokula nalo."

Nilichukua simu yangu nikupige picha, ukafunika uso. Ukaniapisha kwa kaburi la Baba: sikukuona, sikukusikia, nilikwenda kutazama mbio nikarudi. Niliapa. Mbio zenyewe siku iliyofuata nilizitazama bila kujua nani alishinda. Waliomaliza walimaliza kama walivyoanza.

Sasa sikiliza nilivyorudi, maana hapa ndipo kila kitu kilipoharibika, na haikuwa kwa neno lolote nililolisema.

Nilitoka uwanja wa ndege wa Kisumu moja kwa moja hadi nyumbani. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake, Baba Mdogo Ogola kando yake, mke wangu Awuor ameshaandaa samaki ngege na ugali. Walinisalimu wote bila kuniuliza kitu, kama ilivyo adabu. Wakanipa maji ya kunawa. Nikanawa. Chakula kikawekwa, nami nikakitazama, nikaona ule mkono wako ukikaza bolti. Nilikuwa nimeapa nisiseme nilikuona. Kusema sikukuona, mbele ya macho ya Mama, ulimi ulikataa. Kwa hiyo nikakaa kimya, nimeinamisha kichwa, mikono imelowa, chakula hakijaguswa.

Opiyo, wewe ni mtoto wa huku. Hebu niambie, msiba hutangazwaje kwetu? Nani aliwahi kufika akasema fulani amekufa? Mleta habari huja, huketi, hukataa chakula, hutazama chini, na wenye nyumba huelewa. Nilikuwa nimefanya yote bila kukosa hata moja, na nilikuwa sijui ninachofanya.

Baba Mdogo Ogola akauliza polepole, "Ni maji?"

Nilifikiria yule mwenzako aliyebaki majini. Machozi yakanitoka.

Mama akapiga nduru. Hukuwahi kumsikia Mama akipiga nduru, hata Baba alipokufa alipiga kwa staha. Hii ilitoka miguuni. Kabla sijasimama, majirani walikuwa wameshaingia langoni, wanawake wameweka mikono kichwani, na kutoka barabarani nikasikia pikipiki zikinguruma kuja.

Nilimvuta Baba Mdogo nyuma ya nyumba nikamwambia ukweli. Nimevunja kiapo, ndiyo, na Baba atanisamehe. Nilimwambia, "Hajafa. Nimeongea naye. Nimemshika mkono."

Akaniangalia kwa huruma nyingi. "Odongo, baba yangu. Kila mtu mwenye kufiwa anasema hivyo. Mimi mwenyewe wakati ndugu yangu alikufa, baba yenu, nilimwona sokoni wiki mzima."

"Yuko hai, nakwambia!"

"Basi lete sauti yake. Uko na simu? Uko na picha?"

Sina. Ulifunika uso.

"Hiyo nduru imeshatoka," akasema. "Sasa utairudisha kwa mdomo wa nani?" Akaniambia na lingine, nami nakupa kama alivyonipa. Mtu aliyezikwa kwa yago akirudi, haingii kwa lango, hali sufuria moja na watu, na mama yake hapaswi kumtazama usoni. Na yatakayompata pacha aliyebaki, hajui ni mabaya kiasi gani. Wazee wenyewe hawakubaliani. Kila mmoja ana lake, na wote wakifika kwenye jambo hilo wananitazama mimi, kisha wanabadilisha mazungumzo.

Mchungaji naye nilimwendea. Alisema hataki kujua kilichomo sandukuni, yeye ataomba tu.

Na kuna vijana wa bodaboda. Wanakujua kwa hadithi: mtoto wa Kombewa aliyekwenda Monako. Kiongozi wao, kijana wa meno ya dhahabu anayeitwa Turbo, alinifuata akanikumbatia. "Pole sana, buda. Sisi tumepanga. Huyo alikuwa mtu wa race, lazima tumtoe na race. Tunatoka Kisian mpaka hapa home, pikipiki zote, full. Hiyo kifo lazima ishtuke ikimbie." Unajua zamani walifukuza mauti kwa ng'ombe na mikuki hadi mpakani. Sasa wanaifukuza kwa pikipiki. Nilimwambia barabara ile ina wauza nyanya ukingoni, ina watoto, ina mbuzi, na kule nilikotoka wameweka chuma kati ya gurudumu na mtu na bado watu wanaogopa. Akacheka. Jana wakafanya mazoezi. Mmoja aliteleza kwenye mteremko akapelekwa hospitali ya Kombewa, mguu umefungwa vijiti. Wenzake wanasema hiyo ni dalili kwamba unawasikia.

Ninaogopa, Opiyo. Nimeona jinsi watu wanavyosimama chuma kikilia, na nimejiona nikisimama nao. Kuna kitu kimeanza kuteremka hapa na hakina breki. Kila ninayemwambia asimame ananipa pole.

Sasa nikuambie kisa cha Awuor, nikuambie na changu. Yeye hajawahi kuniuliza kama ulikufa au hukufa. Juzi aliniita kando akanionyesha mahali kushoto kwa lango. Alikuwa ameshapafyeka. Alisema, "Shemeji akishapumzika, sisi pia tutapumzika." Baba Mdogo amesema vilevile: mkubwa akiwa na nyumba, hata kama ni ya udongo mbichi, mdogo anaruhusiwa. Nilitazama pale palipofyekwa. Nikaona milango na madirisha. Nikaona watoto wangu wakikimbia kwenye ua wao wenyewe. Nilifurahi, ndugu yangu. Kwa muda mfupi nilifurahi kabisa, na hakuna ukuta uliowahi kunitisha kama furaha ile.

Leo asubuhi nikaenda kwa Mama. Wanawake walikuwa wamekwenda kuteka maji, tulikuwa wawili. Nilitaka kumwambia, hata kama hataniamini, awe ameambiwa. Nilipofungua mdomo akaniwahi.

"Ulimwona, si ndiyo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Anakula?"

"Anakula, Mama."

"Ana mahali pa kulala?"

"Anapo."

"Na hataki kurudi."

Nilimweleza. Nilimweleza jina, boti, na yule mama wa mlango wa buluu. Alisikiliza akiwa anakunja kanga yake, anaikunjua, anaikunja. Nilidhani atalia. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu, kama yule mama mwingine ana watoto wengine. Nikasema sijui.

Akasema, "Mimi nilijua ulipokataa samaki. Mtu wa msiba hakatai kuniangalia vile. Ulikuwa unaficha, haukuwa unaomboleza. Lakini nilipiga nduru, kwa sababu ilikuwa imekaa hapa kifuani miaka mingi na ikapata njia." Akaniwekea mkono magotini. "Mwanamke mwenye kaburi analala. Mimi sijalala. Na huyo wa mlango wa buluu hatalala siku ile atakapojua, kwa hiyo mwache Opiyo amlinde. Mtoto mmoja hawezi kututosha wawili. Mimi nina wewe, unazeeka kwa nyumba ya kupanga. Basi tumzike."

"Mama, yuko hai."

"Najua. Tumzike."

Nimetoka pale nimekuja kukuandikia. Nimevunja kiapo chako na sasa navunja neno la Mama, na sijui nitasimama wapi kati yenu. Lakini mimi sijakubali, ndugu yangu. Piga simu kabla ya Jumamosi. Namba yangu ni ileile uliyokuwa ukiipiga kila Jumapili. Usiongee kama huwezi. Onyesha uso tu, Baba Mdogo akuone, wazee wakuone, nami nitalibeba lile tunda kwa mikono yangu nikalitupe ziwani. Ukipiga, Mama hatalala tena, najua. Awuor atanichukia. Turbo na wenzake wataona wamechezewa. Piga tu. Usipopiga, nitakuwa nimekupita, na nitaishi kushoto kwa lango nikiitazama nyumba yako isiyo na mtu kila nikifungua mlango, mimi na watoto wangu.

Nilikuwa nataka kumalizia hapa, lakini nimekatizwa. Wachimbaji wamekuja. Yago ni fupi, mkono mmoja tu, lakini Baba Mdogo amekataa shimo la kitoto. Amesema unazikwa kama mwanamume, kwa urefu wako. Wakaulizana urefu wako ni upi, maana hakuna aliyekuona kwa miaka. Wakabishana kidogo pale uani. Kisha wote wakanigeukia. Mmoja akatoa kamba ya katani, akaniomba kwa heshima nivue viatu nisimame wima, nami nikavua, nikasimama, akanipima kutoka utosini mpaka kisigino, akafunga fundo.

Salamu zako ni hizi. Uwe mzima.

Pacha wako,
Odongo